Mwana wa Bwana Kiondo

Mbonea alipopona homa na kurudi kwenye karakana ya mbao ya Bwana Kiondo, alikuta geti limefungwa.

"Umetoroka kazi," tajiri alimwambia kutoka ndani. "Nenda zako."

Akaenda, moja kwa moja kwa mama afisa kazi, akashtaki. Kiondo akaitwa.

"Mimi nilimwajiri huyu?" Kiondo alishika kifua. "Mama, huyu ni mwanangu! Nimemlea, anakula kwangu. Kwenye mbao alikuwa ananisaidia tu."

Mbonea akainamisha kichwa. "Ni kweli, mama. Nisamehe, baba."

Kiondo alirudi kwake akicheka kimoyomoyo.

Kesho yake alikuta sebule imejaa wazee wenye kanzu, na Mbonea amejinyoosha kwenye kochi.

"Baba, wakwe hawa. Nimewaambia ulinikiri mbele ya serikali, kwa hiyo mahari ni juu yako. Ng'ombe tu, hawana makuu. Ila wanauliza, mimi na mke wangu utatupa chumba kipi?"

Kiondo hakungoja chai. Alifika kwa afisa kazi akihema.

"Mama, yule si mwanangu! Ni fundi wangu, nilimwajiri mwenyewe!"

"Yule aliyetoroka kazi?" afisa aliuliza. " Kama alitoroka, mimi sina neno. Kamalizaneni nyumbani."

Kiondo akawakumbuka wale wazee sebuleni. "Hakutoroka," alisema. "Nilimfungia geti. Kesho aje kazini, mradi awaondoe wakwe zake."

Mbonea alikuwa ameshafika mlangoni mwa ofisi.

"Wale ni wajomba zangu, tajiri. Mimi nina mke na watoto watatu. Baba yangu angejua."