Ukoko wa Bi Kidawa

Hapo zamani, si zamani za mababu bali zamani za juzi, palikuwa na mpishi wa harusi aliyeitwa Bi Kidawa. Pilau yake ilinukia mpaka mtaa wa pili. Na ukoko wake, ule unaobaki chini ya sufuria, uliwahi kuwagombanisha mashemeji wakaacha kusalimiana.

Bi Kidawa akaanguka, nyonga ikavunjika. Akawekewa nyonga ya chuma. Vijidudu wakakiona chuma, wakasema, "Nyumba ya bure hii!" Mmoja akashika, akaita wenzake, wakafuma utando unaonata, wakajifunika gubigubi. Dawa ikaja, ikagonga utando, ikarudi ilikotoka. Ikabidi chuma kitolewe.

Daktari hakumficha. "Bibi, tutakuwekea kingine. Lakini nacho kikishikwa, tunakata mguu."

Bi Kidawa akalia, tena akalia hasa, maana pilau ya harusi haipikwi kwa kukaa. Kisha akafuta machozi, akaapa mbele ya watu: "Wallahi, atakayenipa chuma wasichokikalia wadudu hao, ukoko wa sufuria yangu ya kwanza ni wake peke yake. Simgawii hata kadhi!"

Mji mzima ukameza mate.

Akaja Mbaruku, sonara. Akasema, "Nitakipaka chuma fedha. Mdudu akiigusa, kwisha habari yake." Wakajaribu kwenye bakuli la vijidudu. Wa mbele wakafa kweli, lakini mizoga yao ikatandikika kama mkeka, wa nyuma wakakaa juu yake.

"Mwanangu," akasema Bi Kidawa, "umewajengea baraza."

Akaja Bi Nunu, mtaalamu wa maabara. Akasema, "Maji hayatui juu ya jani la gimbi. Nitakichonga chuma kiwe na ngozi kama hiyo, wadudu wateleze." Wakajaribu. Wengi wakateleza. Lakini ving'ang'anizi hawakosi popote. Wachache wakashika, wakaita wenzao, wakaanza kufuma.

Akaja Zume, mfamasia aliyesifika kwa fitina kuliko kwa vidonge. Akasema, "Hawa hawajengi mpaka waitane, wajue kwamba ni wengi. Ninayo dawa ya kuwavurugia habari. Kila mmoja atadhani yuko peke yake." Wakajaribu. Hakuna aliyejenga. Lakini hakuna aliyekufa wala aliyeondoka. Walikaa tu, wageni wasiojua kuaga.

Bi Kidawa akaguna. "Fitina bila fimbo! Haya, unganisheni."

Wakaunganisha. Ngozi ya Nunu, dawa ya Zume, fedha ya Mbaruku, chuma kimoja. Daktari akakiweka. Vijidudu wakaja. Wengi wakateleza. Wachache wakang'ang'ania. Wakaitana, wasisikilizane. Wakakaa wapweke, na fedha ikawamaliza mmoja mmoja.

Bi Kidawa akasimama! Harusi iliyofuata alipika kwa miguu yake miwili, mwiko mkononi, akiwatukana wakata vitunguu kwa furaha. Pilau ikaliwa. Ukoko ukabanduliwa mzima, ukawekwa kwenye sahani.

Mikono mitatu ikanyooshwa.

"Ni wangu," akasema Nunu. "Niliwafukuza wengi mlangoni. Wangeingia wote, fedha yako Mbaruku ingezikwa chini ya mizoga."

"Ni wangu," akasema Zume. "Hao aliowaacha dada yangu Nunu wangepatana, wangefuma utando, na chini ya utando fedha hiyo ingemuua nani? Wacheni dharau. Fitina yangu ndiyo iliyookoa mguu."

"Ni wangu," akasema Mbaruku. "Wewe ulifukuza, wewe ulichonganisha. Aliyeua ni nani? Adui aliye hai ana siku yake ya kurudi."

"Basi tugawane," akasema Zume, aliyekwisha kuona anashindwa.

"Mgawane?" Bi Kidawa akaivuta sahani. "Niliapa, wa mtu mmoja. Kiapo kikivunjika, mtanifungia saumu ya kafara nyinyi? Amueni upesi, la sivyo mtu huyo mmoja ni mimi niliyepasuliwa mara tatu!"

Wakatazamana. Mpaka sasa wanatazamana, na ukoko unapoa. Basi wewe unayemeza mate hapo nyuma, na wewe unayejifanya umelala, niambieni kabla Bi Kidawa hajatia mkono: Je, nani alistahili?