Mkoba Uliobaki Mlangoni

Damu ya baba ni nzito, husema wanaume, hasa wale wasiojua kubembeleza mtoto. Katika jumba moja la kioo la kukuzia mimea, maneno hayo yaliimbwa kutwa kucha na mkulima wa mimea ya mapambo aliyeitwa Jogoo, maana alipenda kuwika. Yeye na mkewe walikuza kangaga, mimea isiyotoa ua wala mbegu, ila vumbi tu chini ya majani, ambalo huota vijani vidogo vyenye mayai na mbegu za kiume. Kangaga yao moja, Michirizi, ilikuwa na mistari myeupe kama nywele za ajuza. Mwenye jumba aliwapa msimu mmoja wa mwisho: wapate watoto wenye mistari, la sivyo kangaga zing'olewe, zipandwe nyanya.

Jogoo kila mara alimfanya Michirizi baba. Watoto wakatoka kijani kibichi, utadhani baba hakupita pale.

"Damu itajitokeza tu," akawika.

"Damu gani hiyo yenye haya, mume wangu?" mkewe akamjibu, jicho kwenye hadubini. "Njoo umwone bwana harusi wako."

Jogoo akainama. Mbegu ya kiume iliogelea ndani ya tone la maji, ikizunguka kama pia, hadi mlangoni pa yai. Hapo ikautua mkoba wake wa vichembe vya rangi, ikapenya mikono mitupu.

"Ameacha mkoba!"

"Ameingia na DNA ya kiini, basi. Vichembe vinavyolitia jani rangi vina DNA yake vyenyewe, na yai ndilo humrithisha mtoto vichembe hivyo. Mfanye Michirizi mama."

"Kangaga inifundishe ndoa?"

"Au zikufundishe nyanya."

Jogoo akafyata mkia. Wakayamiminia mayai ya Michirizi maji yenye mbegu za kiume za kangaga ya kijani. Watoto wa kwanza walitoka weupe pepepe, wakafa kwa kukosa ukijani, maana mayai yao yalibeba vichembe vyeupe vitupu. Mke akakonda kwa wasiwasi, lakini hakukata tamaa; akajaribu mayai mengine, akitafuta yenye vichembe vyeupe na vya kijani pamoja.

Asubuhi moja Jogoo alipiga ukelele, mwenye jumba akaja mbio na kandambili mguu mmoja. Trei nzima ilikuwa imefunua majani, mistari myeupe imenyooka kama iliyopigwa rula!

"Nyanya zikatafute kwao!" mwenye jumba akacheka.

"Wamefanana na nani hawa?" mke akauliza, kama asiyejua.

Jogoo akanywea kama kuku aliyenyeshewa. "Na mama yao."

Kigelegele cha mke kikatikisa vioo. Ama kweli, mwana hutazama kisogo cha nina.