Salamu za Mjomba Malogo

Penye vita, salamu ni hatia. Mmeisikia leo asubuhi kisimani, Mbeleje alipomuuliza jirani yake waliyekosana naye kama mumewe amerudi, akajibiwa kwa matusi ya nguoni, na bibi mmoja akaitamka methali hiyo. Mkacheka weee, kisha mkaja kuniuliza maana yake. Maana mnaiona wenyewe. Msichokijua ni aliyeisema kwanza, na ilimgharimu nini. Haya, sogeeni niwaambie ilikotoka, na asiyeweza kukaa kimya aende akaangalie mbuzi.

Zama hizo Wazungu walikuwa wakipigana wao kwa wao katika nchi yetu, kana kwamba kwao hakuna uwanja. Leo linapita jeshi hili, kesho linapita lile, na yote yanauliza swali moja: chakula kiko wapi? Watu walikuja kubishana baadaye kama waliomkamata Malogo walikuwa wa upande huu au ule. Kwa mtu aliyenyang'anywa mbuzi, upande ni upande tu.

Mwaka huo askari walizoa nafaka yote ya kijiji cha Sechelela, hata mbegu iliyoning'inizwa darini juu ya moshi. Sechelela alikuwa mama wa watoto wanne, na mumewe alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, hajulikani yu hai au amekufa. Shamba alikwisha kulisafisha, mawingu yalikuwa yanajikusanya, na hakuwa na punje moja ya kutia shimoni. Asipopanda kwa mvua ya kwanza, wanawe wangekula nini? Mizizi, na mizizi nayo ina mwisho. Akakumbuka dada yake aliyeolewa magharibi, mwendo wa siku mbili, ambako majeshi yalikuwa hayajafika. Na kwa kuwa mwanamke hakuweza kusafiri peke yake nyakati hizo, akamwomba mjomba wake, Mzee Malogo, amsindikize.

Hapo ndipo alipojitafutia adha. Malogo alikuwa mtu mwema asiye na mfano, lakini alikuwa na ugonjwa wa kusalimia. Nanyi mnajua, kwetu Wagogo salamu si neno la kutupia njiani. Unamuuliza mtu alivyoamka, kisha wanawe, kisha wazee wake, ng'ombe, ndama, maji, shamba, wangapi wapo nyumbani na wangapi wamesafiri, na waliosafiri watarudi lini. Akimaliza kukujibu, anaanza yeye kukuuliza wewe. Mwenye haraka hufupisha. Malogo hakujua kufupisha. Aliweza kusimama mbele ya tembe la mtu asiyemfahamu mpaka kivuli kikahama, akiulizia mbuzi ambao hatawaona maisha yake yote.

"Mjomba, twende," Sechelela alikuwa akisema.

"Tunakwenda, mwanangu. Ngoja nimalizie tu habari za bibi yao."

Mwendo wa siku mbili wakautembea siku nne. Dada mtu hakuwa mchoyo. Aliwajazia mfuko wa ngozi mbegu ya uwele, uwele mzuri uliopepetwa, wakaufunga juu ya punda, wakageuka kurudi. Siku hiyohiyo radi ikaanza kunguruma upande wa kwao. Sechelela akauma meno. Akamwambia mjomba wake waziwazi: "Nakuomba, safari hii salimia kwa kifupi. Mvua hainisubiri." Malogo akakubali kwa moyo mweupe. Nyumba ya kwanza wakakaa mpaka jua la utosi.

Siku ya pili ya kurudi wakafika kwenye kisima cha njia panda, ambapo walipita wakienda pakiwa patupu. Sasa palikuwa na mahema, nyumbu, na boma la miiba. Askari mmoja alisimama mbele na bunduki. Sechelela akamshika mjomba wake shuka. "Mjomba, hawa usiwasalimie. Tupite kando." Lakini Malogo alikwisha kuona watu, na watu walikuwa wamemwona. Kupita kando ya watu bila salamu, mbele ya kisima chao! Hilo hakulijua hata kwa ndoto.

"Mbukwa, wanangu!" akaita, mikono miwili mbele. "Mmeamkaje? Mmetoka wapi? Mko wangapi hapa? Wakubwa wenu wazima? Wagonjwa wangapi? Maji yanawatosha? Chakula kipo? Na wenzenu waliobaki nyuma, watafika lini?"

Askari akamwangalia. Akapiga filimbi. Kabla Malogo hajafikia kuulizia nyumbu, walikuwa wamekwisha kuzungukwa.

Mkubwa wa kambi alikuwa Mzungu mwembamba ambaye watu walimwita Bwana Miwani, kwa kuwa ndicho kitu cha kwanza ulichokiona. Mkalimani wake alikuwa askari wa cheo cha ombasha, Marijani, mtu wa pwani aliyejua Kigogo, mwenye uso wa kuchoka tangu asubuhi. Bwana Miwani akakaa kwenye kiti cha kukunja, akafungua daftari.

"Anauliza, nani amekutuma kuja kuhesabu askari?" akasema Marijani.

"Sikuhesabu, baba. Nimewasalimia."

"Umeuliza wako wangapi, wagonjwa wangapi, chakula kiasi gani, na wenzao watafika lini."

"Ndiyo. Ningeacha kuuliza ningekuwa mtu gani?"

Marijani akatafsiri. Bwana Miwani akaandika. "Anauliza, nani amekufundisha kuuliza hivyo?"

"Mama yangu," akajibu Malogo kwa fahari.

"Yuko wapi huyo mama?"

"Alifariki mwaka wa njaa ile kubwa. Na mama yake Bwana, mzima? Mwulizie, tafadhali. Anakaa mbali?"

Sechelela akafunika uso kwa mikono. Kwa kweli wakati ule hakujua amchukie nani zaidi, Mzungu au mjomba wake. Akaruka katikati ya maneno: "Bwana, angekuwa mpelelezi angekuuliza wewe mwenyewe? Si angejificha kichakani akaangalia? Tumebeba mbegu, fungua mfuko uone. Mvua inakaribia kwetu!" Mfuko ukafunguliwa, mbegu zikachakurwa mpaka chini, haikuonekana barua wala ramani. Bwana Miwani akasema kwamba mpelelezi hodari hawezi kuweka barua mfukoni. Mfuko uzuiwe, ni ushahidi. Wale wawili watiwe bomani mpaka apatikane mtu wa kuaminika wa kuwatambua.

Mtu wa kuaminika alikuwa jumbe wa pale, Mhembano, aliyemfahamu Malogo tangu ujana. Aliitwa kesho yake, akaja mbio, na Sechelela akashusha pumzi. Mhembano akafika mlangoni pa boma. Akamwona Malogo. Akafanya nini? Akasimama, akanyoosha mikono, akamsalimia. Malogo naye, aliyekuwa ameshinda siku nzima bila wa kumuuliza kitu, akafunguka kama ng'ombe aliyefikishwa mtoni. Wakaulizana watoto, wakaulizana ng'ombe, wakaulizana ni askari wangapi wamepita kwa jumbe na wamechukua nini. Kila neno Marijani alilitafsiri, maana ndiyo kazi aliyopewa. Bwana Miwani akapindua kurasa tatu. Mwisho akafunga daftari akasema hawa wanapeana taarifa mbele ya macho yake, na jumbe naye aingie ndani.

Mchana mke wa jumbe akamletea mumewe uji. Sechelela alimwona kwa mbali na kibuyu kichwani, akapunga mikono, akapiga kelele: "Mama, weka uji uondoke! Usiseme kitu!" Mama wa watu akadhani anasalimiwa. Akatua kibuyu, akapiga goti mbele ya Mzee Malogo, akaanza na habari za kuamka. Alipofika kwenye ndama, akasukumiwa ndani. Sasa walikuwa wanne bomani, na mle ndani kulikuwa na salamu usipime, maana hata wafungwa wakiamka husalimiana.

Siku ya tatu ikanyesha. Ilikuwa mvua nzito ya mashariki, upande wa shamba lake, na Sechelela aliitazama kupitia miiba huku machozi yakimtoka kwa hasira. Alipogeuka akaona jambo lililommaliza nguvu kabisa. Mpishi wa kambi alikuwa amefungua ule mfuko wa ushahidi, anachota kwa kikombe, anawatupia kuku wa Bwana Miwani.

"Ombasha!" akaita. "Njoo uone, ushahidi unadonolewa na kuku!"

Marijani akaja. Akawatazama kuku, akamtazama yeye, akakuna kichwa. "Mama, hata mimi nimechoka," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu juzi natafsiri mbuzi na ndama. Leo wametuma kumwita mtu mwingine, anaitwa Ndahani. Naye akisalimia, basi. Bwana amesema wote mtapelekwa makao makuu, na huko sijui kama mtu hurudi."

Ndahani! Sechelela alilijua jina hilo. Ndahani alikuwa rafiki wa mjomba wake wa jandoni. Walitahiriwa siku moja, walilala kwenye ngozi moja, na walikuwa hawajaonana tangu vita ianze. Salamu ya Ndahani na Malogo ingeweza kumaliza daftari zima. Akamwomba ombasha ruhusa ya kuchota maji. Marijani akamfungulia, akamfuata nyuma na bunduki yake.

Ndahani alikuwa anakuja njiani na fimbo yake, mzee mrefu, amejipaka mafuta kama aendaye harusini. Alipomwona Sechelela uso ukang'aa, mikono ikaanza kunyooka. Sechelela hakungoja.

"Baba, usinisalimie. Nisikilize. Ukiingia pale, mjomba usimsalimie."

"Malogo?"

"Usimsalimie, usimtazame. Nenda moja kwa moja kwa yule Mzungu, sema unamjua, ni mkulima, basi."

Ndahani akashusha mikono. "Mwanangu, anayepitwa bila salamu na mwenzake wa jando ni maiti. Hata adui namsalimia kabla ya kumpiga. Unajua unaloniomba?"

"Najua. Nina watoto wanne, na mbegu yao inaliwa na kuku."

Mzee akakaza fimbo yake mkononi. Akaendelea na njia.

Malogo alimwona tangu mbali. Akanyanyuka pale bomani, akajifunga shuka vizuri, akajipangusa vumbi, uso wote umejaa meno. "Ndahani!" akaita. "Mbukwa, ndugu yangu! Umeamkaje? Wanao? Yule mkubwa, mguu umepona?"

Ndahani akapita. Alipita karibu hata shuka zao zingegusana kama si miiba, naye macho ameyaelekeza ardhini. Malogo akadhani hakusikia, akaita tena kwa nguvu zaidi. Jumbe na mkewe wakainamisha vichwa kwa aibu. Mara ya tatu Malogo aliita jina tu, bila salamu, na mikono yake ikabaki hewani.

"Anauliza, unamjua mtu huyu?" akasema Marijani.

"Namjua. Ni mkulima."

"Mbona hujamsalimia kama wenzako?"

"Sina haja naye," akasema Ndahani.

Bwana Miwani akavua miwani, akaifuta, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema, huyu ndiye mtu mkweli wa kwanza kumpata katika nchi hii, mtu asiye na la kuficha. Akaamuru wote wafunguliwe. Basi ndiyo akili yao ilipofikia: watatu walioonyesha utu walifungwa, na mmoja aliyelazimishwa kuukana ndiye aliyeaminiwa. Ndahani hakungoja kushukuriwa. Alipogeuka aliondoka kwa hatua ndefu, hakutazama nyuma.

Sechelela akapewa mfuko wake. Theluthi moja ilikuwa imeliwa, lakini iliyobaki ilitosha. Wakamswaga punda wakaondoka. Walipofika mbali na kambi akashindwa kuvumilia, akasema, "Mjomba, ni mimi niliyemwambia asikusalimie. Si yeye."

"Nimejua," akasema Malogo. "Ndahani hawezi kubuni jambo kama lile."

Wakapita nyumba ya kwanza, watu wako nje wanapanda, naye akapita. Wakapita ya pili. Watoto wakakimbia kumlaki, wakasimama wamepigwa butwaa. Njia ile iliyobaki, iliyowachukua siku mbili walipokuwa wakienda, waliikata kwa siku moja, kama alivyokuwa akiomba Sechelela tangu mwanzo, na sasa kila nyumba waliyoipita kimya ilimchoma kifuani. Walifika, wakapanda udongo ukiwa bado na unyevu. Uwele ukaota vizuri, wala watoto wake hawakufa njaa mwaka ule.

Siku moja ya palizi Sechelela aliinua kichwa akamwona mjomba wake anapita kwenye njia ya shamba, kimya, kama asiyeona watu. Akatupa jembe, akamkimbilia, akasimama mbele yake na udongo mikononi. "Mbukwa, Mjomba! Umeamkaje?" Akamuulizia mkewe, akamuulizia wajukuu, akamuulizia mbuzi mmojammoja, yule mweusi na yule mwenye pembe iliyovunjika, na maji, na ndama, hakuruka kitu. Mwishowe sauti ikamkauka, na bado alikuwa anauliza.

Malogo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza shingo, akatazama kwanza njia ya nyuma, halafu ya mbele, kama kuna anayeandika.

"Punguza sauti, mwanangu," akasema. "Penye vita, salamu ni hatia."