Mangesho Anunua Ukimya

Tajiri Mangesho, mwenye kiwanda cha ngozi, alichoka kusikia mji mzima ukiimba "Mto Unanuka," wimbo wa kumsema uliotungwa na Semeni wa bendi ya roki. Akamwita.

"Taja unachotaka. Bendi yako isiuimbe tena."

"Tununulie magitaa mapya," Semeni alisema, "na siku ya tamasha uwalipie watu wote kiingilio, wakuone mkarimu."

Mangesho akakubali huku akichekelea. Wanabendi wakamwita Semeni msaliti.

Siku ya tamasha uwanja ulifurika. Semeni akapiga mwanzo wa wimbo ule, akafumba mdomo, akawageuzia watu maikrofoni. Wakauimba wote mpaka mwisho.

Mangesho alipanda jukwaani akifoka. "Tulipatana nini?"

"Sisi hatujaimba, mzee. Hawa umewalipia mwenyewe."