Aliyeombwa Maji

Mama mmoja mjane alikuwa na wana wawili na shamba moja la maharage. Mvua ikakatika maharage yakiwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Akawaita wanawe, Mbonea na mdogo wake Senzota, akawaomba maji ya kijito kabla maua hayajapukutika, kwa maana chakula chao cha mwaka kilikuwa pale. Ndugu hawa hawakukubaliana njia, basi kila mmoja akachimba mfereji wake.

Mbonea alikuwa na nguvu. Kila hatua kumi alichomeka kijiti, na jioni alivihesabu. Mfereji wake ulinyooka, na wapita njia walisimama kuusifia. Wiki haijaisha, vijiti vilikuwa sitini.

Senzota alijipa kazi ya ziada. Kila jioni alibeba debe la maji, akayamwaga pale alipoanzia asubuhi, akayafuata kwa miguu, macho chini. Siku ya nne maji yalikwenda kidogo, yakasita, yakamrudia. Iliuma, ndugu zangu, haina mfano. Lakini asubuhi alifukia kazi ya jana yote, akauzungusha mfereji upande wa chini wa mwamba uliokuwa njiani. Watu walicheka. Mbonea akamuuliza kama anachimba au anafukia.

"Kaka, mama aliniomba maji," Senzota akasema. "Hakuniomba shimo."

Ikafika siku ya kufungulia maji ya kijito. Maua ya kwanza yalikwisha kuanguka. Maji yakaingia kwa Mbonea kwa kishindo, watu wakashangilia, yakafika kijiti cha thelathini na tano yakatulia. Hapo ardhi ilikuwa imepanda kidogo, na hakuna aliyejua. Ng'ombe wakaja kunywa.

Wakafungua kwa Senzota. Nikifika hapa moyo wangu hunienda mbio, nisameheni. Maji yalikuja polepole kwenye ule mfereji uliopindapinda, yakazunguka mwamba, yakaendelea. Watoto wakakimbia nayo. Wale waliocheka wakakimbia pia. Mbonea akatupa vijiti, akashika jembe, akawahi shambani kumfungulia mdogo wake matuta. Na mama yao alivua ndala akasimama katikati ya maharage, maji yakimpita vidoleni, akicheka na kulia.

Nanyi mliochomeka vijiti vyenu vikapendeza njia nzima: ni lini mara ya mwisho mlimwaga debe moja la maji, mkayafuata mwone yanakokwenda?