Bata Mzinga wa Viti Viwili

Palikuwa na Sultani mmoja ambaye kiti kimoja hakikumtosha. Si kwa unene, mwili wake ulikuwa wa kawaida tu. Kiti kimoja alikalia yeye, cha pili alilaza bakora yake. Harusini, matangani, hata kwa mtu mwenye viti vitatu nyumba nzima, mambo yalikuwa hayo hayo. Vikongwe wamesimama, bakora imelala. Na nani wa kumwambia? Wewe ungemwambia? Basi tulia unisikilize.

Msiniulize alikuwa Sultani wa nchi gani. Ni wa zama hizi hizi za simu, hilo linatosha.

Katika mji wake aliishi Mize binti Shomari, fundi wa picha. Mize alikuwa akichonga picha kwenye ubao, akaupaka ubao wino, akaugandamiza kwenye karatasi, na karatasi ikatoka na picha. Ubao mmoja ulitoa picha nyingi. Duka hakuwa nalo, duka lake lilikuwa simu. Anaweka picha kwenye ukurasa wake, mteja wa mbali anaipenda, anatuma hela, Mize anaiviringisha karatasi na kuipeleka ofisi ya mabasi isafirishwe. Kwa kazi hiyo yeye na mama yake walikula na kulipa kodi, na Mize hakulazimika kumnyenyekea mtu. Mdomo wake nao, jamani, ulikuwa mkali kuliko patasi zake.

Siku moja akachonga bata mzinga. Bata amekaa kwenye kiti, kiti cha pili amelaza bakora, na kuku wamemzunguka, wamesimama na sahani zao za pilau. Jina hakuandika. Mteja mmoja akauliza pale chini ya picha, "Huyu nani?" Mize akajibu, "Bata mzinga." Watu wakacheka wiki nzima, na oda zikamiminika mpaka wino ukamwishia.

Picha ikazunguka, ikazunguka, ikaingia kwenye kundi la simu la ukoo wa Sultani. Aliyeituma ni shemeji yake. Hakuandika neno, aliituma tu, na binamu saba wakaweka vikaragosi vya kucheka. Sultani akaitazama. Akaikuza. Akaiona bakora.

Kesho yake asubuhi Mize aliitwa barazani, aje na ubao wake. Aliogopa, tusidanganyane. Ubao ukichomwa na ukurasa ukifungwa, yeye na mama yake wangerudi kufua nguo za watu. Alimkuta Sultani amekaa, bakora nayo imekaa, na wakubwa wote wa mji wamesimama.

"Umenichora," akasema Sultani.

"Nimechora bata mzinga, Maulana."

"Bata huyu ni mimi."

"Hilo umelisema wewe, Maulana. Mimi adabu yangu hainiruhusu."

"Tazama viti."

"Naviona. Viwili."

"Ni nani mwingine katika nchi hii anayekalia viti viwili?"

Baraza zima likatazama dari. Waziri akashikwa na kikohozi.

"Sijui, Maulana," akasema Mize. "Miaka yote hii sijamsikia mtu akilitaja jambo hilo. Wewe ndiye wa kwanza."

"Na hiyo shingo iliyolegea?"

"Ndiyo shingo ya bata mzinga. Nikiikaza, wateja watasema sijui kazi yangu."

"Na huko kujivimbisha?"

"Maulana, unamjua bata huyu kuliko mimi niliyemchonga."

Sultani akaipiga bakora chini. "Basi. Ubao huu unachomwa leo, na huo ukurasa wako unafungwa."

"Amri ni yako. Ila picha mia tatu zimeshatundikwa kwenye kuta za watu. Leo wanamcheka bata. Kesho watasikia Sultani kamchoma bata, na watataka kujua bata kamkosea nini."

Waziri akasogea, akamnong'oneza Sultani sikioni. Waziri huyu, niwaibie siri, naye alikuwa nayo ile picha nyumbani, kaitundika nyuma ya mlango wa chumbani. Basi hakutaka kabisa mambo ya kuchoma na kupekua. Uso wa Sultani ukakunjuka.

"Mimi si mkorofi," akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Ubao wako chukua. Ukurasa wako endelea nao. Uza utakavyo, hakuna wa kukugusa, naapa mbele ya baraza hili. Nataka jambo moja tu. Chini ya bata huyu uchonge kwa herufi kubwa: HUYU SI SULTANI. Na ukaliandike hivyo hivyo kwenye ukurasa wako, kila mtu alisome."

Wakubwa wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Wengine wakapiga makofi. Mize akauokota ubao wake, akaukumbatia kifuani, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akapiga goti.

"Ahsante, Maulana. Nitachonga leo hii. Nina swali dogo tu la kazi."

"Uliza."

"Kwenye ukurasa wangu bata huyu hayuko peke yake, wapo wengine kumi. Yupo punda aliyelala katikati ya mkutano. Yupo nyani anayejipigia makofi. Yupo beberu mzee asiyetoka mbele ya kioo. Hao wote hawana maandishi."

"Sasa mimi yananihusu nini?"

"Wateja wangu ni watu wa maswali, Maulana. Wakishasoma kwamba bata si wewe, wataniuliza wewe ni yupi kati ya hao kumi waliobaki. Niwaambie yupi?"