Kiti cha Meneja wa Itundulu

Hapo zamani, wala si zile za wanyama kusema, bali zamani za juzijuzi ambazo wenye mvi bado wanazikumbuka, palikuwa na ushirika wa maziwa katika mji wa Itundulu, nyanda za juu, kule ambako ukungu hauondoki mpaka jua lipande. Wafugaji walikamua asubuhi na jioni. Maziwa yaliletwa kiwandani, yakachemshwa, yakapozwa kwenye tangi moja kubwa, kisha yakajazwa katika madumu ya bati na kupelekwa shuleni na madukani kwa barabara mbili, ya juu na ya chini.

Meneja alikuwa mwanamke, Tumpe Mwandambo. Tumpe alikuwa amesomea falsafa, na watu walilifanyia mzaha jambo hilo.

"Falsafa inakamua?" wajumbe wa bodi walimuuliza siku ya kwanza.

"Haikamui," Tumpe akajibu. "Lakini ng'ombe akipiga teke ndoo, itakuzuia usimpige aliyeshika kamba."

Wakacheka, wakampa kazi.

Alikuwa na wasaidizi watatu. Sekela alisimamia kiwanda. Ambwene alisimamia ofisi na mashauri ya wanachama. Lusekelo alisimamia magari na ndiye aliyewajua wafugaji kwa majina, na ng'ombe wao kwa rangi. Kila Jumatatu kabla ya kazi Tumpe aliwaketisha akawafundisha, na kila Jumatatu yalikuwa yaleyale. Mtu ni mtu, alisema. Usimfanye ngazi ya kupandia, hata kama unakopanda ni kuzuri. Tenga unachokijua na unachokidhani, maana siku ya hofu vyote viwili huvaa nguo moja. Na tenga kilicho mikononi mwako na kisichokuwemo. Cha kwanza kifanye, cha pili kivumilie.

Wote watatu waliyasikia yote. Lakini mnajua mafunzo yalivyo: watu watatu hula chungu kimoja, kila mmoja akaondoka na ladha yake. Sekela aliondoka na la mtu. Ambwene aliondoka na la kujua. Lusekelo aliondoka na la mikono.

Ikawa siku moja pampu ya maji ya kiwanda ikafa. Sekela akamwendea meneja wake.

"Mama, pampu imekufa. Maji ya akiba hayatoshi kuosha madumu yote. Tusimamishe kazi mpaka fundi aje."

Tumpe alikuwa amechoka siku hiyo. Wafugaji walikwishafika getini na maziwa hayangoji. "Kazi isisimame," akasema. "Fanya uwezavyo."

Sekela akatii. Madumu ya barabara ya juu yakaoshwa kwa maji ya akiba. Maji yakaisha. Madumu ya barabara ya chini yakaoshwa kijitoni nyuma ya kiwanda.

Keshokutwa yake, asubuhi, tabibu wa zahanati alituma ujumbe: watoto wa shule wanatapika na kuharisha, na wengine hawawezi kusimama. Kila mzazi aliyeulizwa alisema neno moja: maziwa.

Tumpe akaita wasaidizi wake. Walisimama tu, hakuna aliyeketi.

"Tufunge," Sekela akasema. "Na tutangaze sasa hivi, kila nyumba imwage maziwa yaliyomo. Hatujui kama ni sisi, lakini mtoto si kitu cha kujaribia."

"Kufunga, sawa," Ambwene akasema. "Kutangaza, bado. Dada Sekela, unadhani, hujui. Mji huu una hofu. Ukiwaambia ni maziwa, watatafuta ng'ombe. Wakitafuta ng'ombe, watamtafuta mwenye ng'ombe. Nipeni mpaka mchana niulize."

Na kweli, jina lilikwishaanza kutajwa. Palikuwa na mfugaji mmoja, Mzee Kanyamale, aliyehamia Itundulu kutoka mbali. Ng'ombe wake mmoja alikuwa amekufa wiki iliyotangulia, na hakuna aliyejua kilichomuua.

"Mimi siwezi kuponya watoto, wala siwezi kuzima maneno ya mji," Lusekelo akasema. "Lakini tukifunga kiwanda, jioni hii ng'ombe wote watakamuliwa na maziwa hayatakuwa na pa kwenda. Mfugaji akimwaga maziwa jioni mbili, ya tatu atauza ng'ombe au atahamia kwa wachuuzi. Hilo ndilo lililo mikononi mwangu. Naenda kwa wafugaji."

Wote watatu wakamtazama Tumpe. Naye, aliyefundisha Jumatatu zote zile, aliikumbuka siku ya pampu. Lile neno lake, kazi isisimame, sasa lilikuwa linamrudia. Akasema, "Funga kiwanda, Sekela. Magari yasitoke. Kutangaza tungoje mpaka mchana, Ambwene aulize kwanza. Lusekelo, nenda."

Sekela akafunga kiwanda. Kisha hakungoja mchana. Alichukua kipaza sauti cha ushirika, akapita mtaa kwa mtaa akilia na kutangaza: "Mwageni maziwa! Maziwa ya kiwanda, mwageni! Huenda ni sisi!"

Watu wakamwaga. Katika nyumba nyingine vikombe vilikuwa vimekwishawekwa mezani. Alikuwepo mwanamume mmoja, Asajile, ambaye binti yake Subi alikuwa amelazwa hoi zahanati. Mkewe, asijue, alikuwa amempikia mtoto mdogo uji na anaupoza kwa maziwa yaleyale. Aliposikia kipaza sauti, aliumwaga uji wote mlangoni.

Lakini ikawa kama Ambwene alivyosema. Asajile, akili ikimzunguka kwa ajili ya Subi, alisikia "maziwa" akafikiri "ng'ombe", akafikiri "ng'ombe" akasema "Kanyamale". Wanaume wakamfuata. Waliokuwa na fimbo wakazichukua, na mmoja alikuwa na dumu la mafuta ya taa.

Walipofika kwa Mzee Kanyamale walimkuta Ambwene amesimama mlangoni. Nyuma yake mzee na mkewe walikuwa wamejibanza ukutani.

"Toka hapo, Ambwene," Asajile akasema.

"Nitatoka. Nina maswali kwanza."

"Mwanangu anakufa, wewe una maswali?"

"Ndiyo, ndugu yangu. Kwa sababu mwanao anakufa." Ambwene hakusogea. "Nani hapa ana mtoto shule ya barabara ya juu?"

Mmoja akanyoosha mkono.

"Mwanao alikunywa maziwa shuleni?"

"Alikunywa."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Kuna mtoto yeyote wa barabara ya juu anayeumwa?"

Wakatazamana. Hakuna.

"Maziwa ya shule zote yanatoka tangi lipi?"

"Tangi si ni moja," mtu akajibu.

"Maziwa ya Mzee Kanyamale yanaingia tangi lipi?"

"Hilohilo."

"Basi kama ubaya ni wa ng'ombe wa mzee huyu, mbona umechagua barabara? Tena maziwa yanachemshwa kabla ya kuingia tangini. Ubaya uliingia baada ya tangi. Niacheni nikatafute ulipoingilia."

Aliyekuwa na dumu la mafuta ya taa akaliweka chini. Asajile akaketi palepale vumbini, akalia kama mtoto. Ambwene akaenda kiwandani, na kabla ya jua kutua alikuwa amefika kijitoni nyuma ya kiwanda, mahali madumu yalipooshwa. Juu kidogo ya hapo, choo kilikuwa kimebomokea majini.

Na Lusekelo je? Mchana kutwa alipita boma kwa boma. Aliwakuta wafugaji wamekasirika. Wengine walitaka kujitoa, wengine walitaka ushirika uvunjwe, kila mtu achukue ng'ombe wake na balaa lake. Lusekelo hakubishana na hasira yao. "Toeni vibuyu," akawaambia. "Gandisheni mtindi kwa ajili ya nyumbani. Tengenezeni samli. Anayejua amfundishe asiyejua." Akakunja mikono ya shati akasukasuka kibuyu pamoja na kina mama. Na walipomuuliza, "Lakini kosa ni la nani? Ni ng'ombe wa nani?" Lusekelo akawajibu, "Kosa limeshapatikana. Si ng'ombe wa mtu yeyote."

Alisema hivyo saa sita mchana. Kosa lilipatikana jua likienda kutua.

Watoto wakatibiwa. Subi alikaribia kabisa kwenda, akarudi. Alitembea tena, taratibu, akishika ukuta. Hakufa hata mtoto mmoja. Pampu ikatengenezwa, madumu yakachemshwa, kiwanda kikafunguliwa, na wafugaji wakarudi wote na maziwa yao.

Ukaitishwa mkutano mkuu. Tumpe akasimama mbele ya wanachama.

"Pampu ilipokufa niliambiwa tusimame, nikakataa," akasema. "Neno lilikuwa langu. Siwezi kuendelea kukalia kiti hiki. Nakitoa."

Watu wakanong'ona. Wapo waliomlilia. Mwenyekiti wa bodi akasema, "Basi tuchagulie wewe. Wasaidizi wako ni watatu, na wote umewafundisha mwenyewe. Utakayemtaja ndiye." Mkutano ukaitikia: "Ndiye!"

Asajile akasimama kwanza. "Mimi nasema Sekela. Angengoja mchana, ningekuwa na wagonjwa wawili nyumbani, na mdogo asingehimili. Alijali mtu kuliko jina la kiwanda."

"Sekela huyohuyo," mjumbe mmoja wa bodi akajibu, "aliagizwa angoje akakaidi. Kipaza sauti chake ndicho kilichowapeleka kwa Mzee Kanyamale. Na madumu yalioshwa kijitoni chini ya usimamizi wake."

Sekela akajibu bila kuinua sauti. "Ni kweli. Siku niliyotii, watoto waliugua. Siku niliyokaidi, wengine wakanusurika. Nimejifunza ni ipi nitakayoirudia."

Mzee Kanyamale akasimama, akiegemea bega la mkewe. "Mimi nasema Ambwene. Mlikuja kunichoma. Watu wazima, majirani, nimekula nanyi. Kama si maswali yake ningekuwa majivu, na ubaya ungebaki kijitoni ukingoja watoto wengine. Kiongozi ni yule anayetaka kujua wakati wengine wanataka kupiga."

"Ambwene huyohuyo," Asajile akasema, "alitaka tungoje mpaka mchana. Maswali ni mazuri, mzee wangu, lakini mwanangu mdogo alikuwa anapikiwa uji."

Ambwene akainamisha kichwa. "Hilo nalikubali," akasema. "Nilihesabu hatari ya mzee, sikuhesabu uji. Lakini ningepata siku ile tena, bado ningesimama mlangoni kwake."

Kisha akasimama mama mmoja mfugaji, mjane mwenye ng'ombe wawili. "Mimi nasema Lusekelo. Mnagombea kiti; kiti cha nini, kama ushirika ungevunjika? Siku ile nilikuwa nimeshaamua kuuza ng'ombe wangu. Alikuja akakaa jikoni kwangu akasukasuka kibuyu. Wengine waliokoa watu. Huyu aliokoa nyumba yetu ya kurudia."

"Naye alitudanganya," Ambwene akasema taratibu. "Kaka Lusekelo, saa sita mchana hukujua lolote. Kama kweli angekuwa ng'ombe wa mtu, je?"

"Ningekuwa mwongo," Lusekelo akasema, "na wangekuwa na haki ya kunifukuza. Lakini wangekuwa bado wapo pamoja wa kunifukuza."

Mkutano ukacheka, ingawa hakuna aliyekuwa na uhakika kama lilikuwa jambo la kuchekesha. Macho yote yakamgeukia Tumpe.

Tumpe akawatazama mmoja mmoja. Kila mmoja alimwona ameshika kipande cha kile alichowafundisha, na kila mmoja, kwa kukishika sana, alikuwa ameangusha vingine. Alijua kwamba balaa jingine litakuja, halitafanana na hili, na atakayekalia kiti atalikabili kwa kipande alichonacho. Akataja jina.

Jina hilo mimi nalijua, lakini sitalitaja, maana walioondoka mkutanoni siku ile wamebishana mpaka leo. Nawaulizeni nyinyi mliokaa hapa. Mkumbuke mtoto aliyepikiwa uji, mkumbuke mzee aliyejibanza ukutani, mkumbuke na yule mjane. Wala msinijibu "wote watatu", kwani kiti kilikuwa kimoja. Haya, semeni: Sekela, Ambwene, au Lusekelo, nani alistahili kukalia kiti kile?